Kadi ya Pili

Jumanne walinichukua leseni.
Daktari wa macho hakuniangalia usoni,
aliandika tu, akaipuliza karatasi
kana kwamba kuna wino wa kukausha.
Alhamisi nikaenda mjini kwa treni.

Miaka arobaini na mmoja tulikwenda Deventer kwa gari,
mimi na Berend, kwa barabara ya juu ya tuta,
naye akianza kulaani tangu Olst:
maegesho, maegesho, wezi wa mchana kweupe,
senti sabini kwa robo saa!
Kwangu mimi mji ulikuwa shimo chini ya ardhi,
ngazi, mlango, jibini, keki ya asali,
kisha ngazi tena, haraka, Hendrikje, mita inakula.

Stesheni ya Wijhe haina mtu wa kumuuliza.
Ina nguzo tu, fupi, yenye kijicho cha kioo;
unaigusa kwa kadi, inalia: ti.
Nikaigusa.
Halafu, sijui shetani gani alinipitia,
nikachomoa kadi ya Berend kwenye pochi
(ile picha yake amekunja uso kama anayedaiwa;
aliitumia mara mbili, nyonga ilipomshinda)
nikaigusisha nayo. Ti.
Salio, ishirini na mbili na nusu. Safari njema.
Nguzo haikuwa na habari.
Nani angeiambia?

Ndani, kijana mwenye baiskeli aliniinukia.
Nikakataa kwa kiburi, nikajuta kabla ya Olst.
Konda alipopita niliibana pochi kwapani
kama mwizi wa kuku.
Malisho, ng'ombe, maji yaliyotuama,
mto ukichungulia kulia na kujificha,
na mara minara, tumefika, watu wanamiminika,
nami namiminika nao, ti, hadi nje.

Ningeweza kutembea. Nikapanda basi makusudi
nione linavyojikunja.
Halikuingia mji wa kale, liliuzunguka
kama mkwe anayeuambaa mlango wa jikoni.
Dereva, msichana mwenye nywele za rangi ya karoti,
alinitangazia kituo changu kwa sauti,
wakageuka wote. Nikashuka kama malkia.

Uwanjani, ukutani pa nyumba ya mizani,
inaning'inia sufuria ya shaba.
Husemwa kwamba zamani walimchemsha humo
bwana mmoja aliyeghushi sarafu.
Nilikuwa nimepita chini yake mara mia
na mfuko wa jibini mkononi.
Safari hii nilisimama.
Kumlipia nauli marehemu, nikajiuliza,
ni kughushi, au ni sadaka?
Sufuria ina matobo ya risasi. Haikunijibu.

Basi nikateremka mtoni, kwenye pantoni.
Berend hakuwahi kukubali:
kulipa kuvuka, kisha kulipa kurudi palepale!
Na kweli, ni palepale.
Watu saba, mbwa mmoja, dakika chache za maji mazito,
nahodha anauma tufaha.
Ng'ambo nikageuka,
na mji ulikuwa pale. Wote.
Makanisa, mapaa yaliyobanana, madirisha yamewaka jua,
umeketi juu ya maji yake bila haraka yoyote.
Miaka arobaini na mmoja nimeingia ndani yake;
sikuwahi kuuona.

Ndipo nikakumbuka.
Pale stesheni, niliposhuka, niligusa kadi yangu tu.
Ya Berend sikuitoa.
Kwa hesabu ya mashine mume wangu angali safarini,
ameketi dirishani mahali fulani, amekunja uso,
na usiku ukiingia hajashuka
watamkata euro ishirini.
Ishirini!
Yeye aliyeipiga teke mita kwa senti sabini.

Nahodha alinikuta nacheka peke yangu gatini.
"Unarudi nasi, bibi?"
Nikamwambia avuke tu, nitapanda ya baadaye.